Kuni za Harusi ya Wakesho

Vijana wa kizuizi cha barabarani, mmeniomba niwaandikie ninayoyajua kuhusu kuni kabla sijayasahau, na mkaongeza, "kwa ufupi, Mzee." Nitajaribu. Vyeo sitavigusa. Nilivyopata vilikuwa vichache, na nilivyokosa mnavijua kwa sababu mlikuwapo. Ninachotaka kuwaachia ni namna ya kuutambua mti uliokwisha kupoteza majani, maua, matunda, ganda na jina lake, ukabaki vipande vinne ndani ya kamba. Mti ukiwa umesimama, hata mbuzi anaujua. Kazi yetu huanza shoka likishamaliza yake.

Nilianza mwanzoni mwa miaka ya hamsini, hapa Voi, kwenye barabara ya kwenda Taveta. Kizuizi kilikuwa gogo moja lililolazwa juu ya mapipa mawili, na mapipa yenyewe yalikuwa yametoboka. Kila aliyeleta kuni mjini alionyesha karatasi ya ruhusa, nami niliangalia kama mzigo unafanana na karatasi. Mgunga mkavu, sawa. Mpingo na msandali, hapana. Mimi ni mtoto wa Kaloleni, mtaa wa hapa hapa Voi. Mama yangu aliuza kuni kwa fungu, na nikiwa na miaka tisa nilikwisha jua fungu lililojazwa hewa katikati. Niliajiriwa kwa sababu nilijua kubishana. Aliyeniajiri alidhani maana yake najua miti.

Siku ya kwanza, mteja wangu wa kwanza alikuwa mama mmoja wa Marungu na mkokoteni wa punda.

"Kuni gani hizi, mama?"

"Za kupikia."

"Nauliza mti gani."

"Mkavu."

"Karatasi inasema mgunga."

"Basi wewe unasoma vizuri. Mimi sikusoma."

Nikahesabu mafungu: kumi na sita. Nikahesabu tena, kwa sababu mtu anayehesabu mara moja anabahatisha: kumi na sita. Karatasi ilisema kumi na sita. Nikainua gogo. Mama akanishukuru kwa heshima iliyozidi kidogo, na hapo ningepaswa kushtuka.

Ng'ambo ya barabara, chini ya paa la mabati, alikuwapo seremala mmoja mtu wa Pwani, Fundi Athumani. Aliacha randa yake akavuka barabara polepole, akaokota kijiti kilichodondoka kwenye mkokoteni. Akakikata kichwa kwa kisu, akanionyesha. Pembeni rangi ya maziwa, na katikati moyo mweusi mwembamba kama risasi ya penseli.

"Hongera, bwana misitu," akasema. "Umehesabu sawasawa. Mpingo, mafungu kumi na sita, hapana hata moja lililopotea."

Nikataka kumkimbilia yule mama. Fundi akanishika shati.

"Wamkimbilia kumwambia nini? Kwamba hukujua? Mwache. Kesho atarudi, na kesho utajua."

Mama alirudi kesho yake na mkokoteni mwingine. Nikakata kichwa cha kijiti, nikamtazama. Akakitazama kijiti, akanitazama mimi, akageuza punda. Tukawa marafiki tangu siku ile. Hamna rafiki mwaminifu kama msafirishaji uliyemkamata mara moja bila kumpigia kelele.

Fundi Athumani ndiye aliyenifundisha, na malipo yake yalikuwa haki ya kunicheka. Vifaa alivyoniwekea mbele havikujaza mfuko wa shati: kisu chenye makali ya kunyolea, lenzi ndogo ya kukunja aliyokuwa akitazamia meno ya msumeno, chupa ya maji na kiberiti. Kipande cha kuni, alisema, kina uso wa jua na uso wa kweli. Uso wa jua ni ule unaouona. Umepigwa vumbi, moshi na uongo wa muuzaji. Kata kichwa chake, kata safi, lowesha, halafu utazame. Pale utaona vitundu, kama vimejipanga au vimetawanyika. Utaona mistari inayotoka katikati kwenda nje kama spoku za baiskeli, mingine myembamba usiione, mingine mipana. Halafu ukate tena, mahali pengine, utazame upya. Hilo la pili halikunisumbua.

Kila jioni aliniwekea vipande mezani, nami navitaja. Mkwaju kwa moyo wake wa zambarau. Mkupa kwa harufu, kwa maana mkupa mbichi unanuka mpaka unamwomba mtu msamaha. Mwarobaini, kikwata, mgunga wa aina tatu. Mwezi wa nne nilijiona bingwa. Jioni moja akaniwekea kipande cheupe, chepesi, kisicho na pete. Nikakikata, nikakilowesha, nikakitazama kwa lenzi kwa muda mrefu, nikatangaza: "Mti laini wa bondeni, unaota karibu na maji."

"Umekaribia," Fundi akasema. "Ni muhogo. Mke wangu aliukausha wiki iliyopita."

Mtaa wa Kaloleni mzima uliniita Bwana Muhogo hadi mvua zilipoanza. Nawaambia haya ili siku mtakapokosea mjue kwamba mna wazee waliowatangulia.

Sasa niwape kesi. Nilikuwa na nyingi, ila moja ndiyo iliyonifanya niwe mtu wa kazi hii badala ya mtu mwenye kazi hii.

Ilikuwa mwaka wa nne au wa tano wangu. Asubuhi ya Alhamisi alikuja kizuizini msichana mmoja aliyeteremka kutoka milimani, juu ya Mwatate, kwa miguu na kisha kwa lori. Viatu alivishika mkononi ili visichakae. Aliitwa Wakesho.

"Wewe ndiye mtu wa kuni?"

"Ndimi."

"Yule wa muhogo?"

Sifa hutembea. Nikakubali.

"Jumamosi naolewa," akasema. "Na shangazi yangu amesingiziwa kukata mti wa fighi. Wazee wameizuia harusi mpaka fighi ifunguliwe, na fighi haifunguliwi mpaka baada ya mavuno. Bwana harusi ni mtu wa reli. Amepewa siku nne. Jumatatu anapelekwa Uganda, na hajui atarudi lini. Kwa hiyo njoo."

Kwa msiotoka milimani: fighi ni kipande cha msitu ambacho wazee wa zamani waliweka kinga ya nchi ndani yake. Hakikatwi, hakilimwi, hakiokotwi hata tawi lililoangushwa na upepo. Kuingia ni kwa wachache, kwa siku yake na kwa kondoo wake. Watu wa kijiji kile walikuwa Wakristo wote, na Mzee Mwadime aliyekuwa mlinzi wa fighi ndiye aliyeimba besi kanisani kila Jumapili. Hakuna aliyeona tatizo. Kanisa ni kanisa, na fighi ni fighi.

Nikamwomba ruhusa mkubwa wangu, akanipa siku tatu. Fundi Athumani akaniongezea kipande cha tupa ya kunolea kisu. Tukapanda lori la mboga lililokuwa linarudi tupu, na kutoka Mwatate tukapanda kwa miguu. Nilihesabu kona za njia, zile ambazo mtu wa Voi husimama akajifanya anatazama mandhari. Zilikuwa kumi na moja. Wakesho hakusimama hata kwenye moja.

Uani kwa shangazi yake tulikuta watu kama arobaini wamesimama wakilizunguka rundo la kuni. Kule milimani kuni za harusi hazikusanywi kwa siku moja. Mama wa ukoo huzipanga juu ya dari ya jikoni, juu ya meko, miezi mitatu au minne, zikauke na moshi hadi ziwe nyeusi kama sufuria. Siku ya harusi zinashushwa, na moto wake hauna moshi wa kuwaliza wageni. Shangazi Mghoi, mjane aliyemlea Wakesho, alikuwa amezishusha Jumatatu. Ndani ya rundo, katikati ya vijiti vya kawaida, kulikuwa na mapande makubwa, manene, mekundu palipopasuka, ambayo hakuna aliyeyatambua.

Mzee Mwadime alikuwa mrefu, na alizungumza kama anavyoimba, chini kabisa.

"Bwana misitu, karibu. Sisi hatuna ugomvi na mama huyu. Lakini miti yote ya ukingo huu tunaijua, na huu hatuujui. Usioujua unatoka pale tusipoingia." Akaelekeza kidevu kwenye msitu mweusi juu ya mlima. "Miezi minne iliyopita watu walisikia shoka upande ule. Tukanyamaza. Sasa tazama mikono yake."

Shangazi Mghoi akanyoosha mikono bila kuambiwa. Ilikuwa na vipele na mabaka toka kwenye viganja hadi kwenye viwiko.

"Fighi imemwandika," mtu mmoja akasema nyuma.

"Imeniandika, imeniandika!" Shangazi akamjibu. "Imeandika nini? Soma basi, wewe uliyekwenda shule! Nimewaambia huu ni mti wa mume wangu. Aliupanda mwenyewe, akauita mti wa kivuli tu, kule kwenye shamba letu la chini, ng'ambo ya bonde."

"Tulikwenda kule," Mzee Mwadime akasema. "Hakuna kisiki."

"Kisiki nilikichoma! Bwana shamba aliniambia nichimbe matuta, kisiki kikawa katikati ya tuta. Nikakichimbua wiki mbili na mizizi yake. Nikapanda maharagwe."

"Majirani walikuona?"

"Majirani gani? Kule nimebaki mimi na nyani. Waite nyani watoe ushahidi, wananijua kwa jina."

Watu wakacheka, na Mzee Mwadime naye karibu acheke, lakini akakumbuka alikuwa nani.

Hapo ndipo nilipokosea, na kosa hili liandikeni mahali. Watu arobaini wananitazama, mimi ni mtaalamu kutoka mjini, kisu kinang'aa. Nikachukua pande moja, nikalileta puani. Likanipiga harufu ya uchungu, ya dawa, harufu ya maganda ya miti ya msitu wa juu ambayo wauza dawa huleta Voi. Nikasema, kwa sauti ya kusikika: "Hii ina harufu ya msituni."

Wakesho akanitazama kama mtu aliyelipa nauli ya lori akapakiwa kwenye lori la kurudi. Mzee Mwadime akashusha pumzi. Nikaona kwamba kwa maneno matano nimefanya kazi ambayo uvumi wa miezi minne ulikuwa haujaimaliza.

Shangazi Mghoi hakulia. Akaniuliza taratibu, "Mwanangu, umekata?"

"Bado, mama."

"Umenusa tu."

"Nimenusa."

"Njoo."

Akanivuta hadi jikoni, akaelekeza juu, kwenye dari ile ile tupu. Pembeni, kwenye kamba, yalining'inia maganda ya dawa ya kikohozi, fungu zima, aliyoyanunua kwa mganga. Yalikuwa yamekaa juu ya moshi pamoja na kuni zile miezi minne. Nikachukua kijiti cha kawaida kutoka kwenye rundo, kijiti ambacho kila mtu alikubali ni cha mgunga wa chini. Nikakinusa. Harufu ile ile. Nikanusa kifuniko cha sufuria. Harufu ile ile. Ningeendelea, ningemkuta hata paka wa nyumba ile ni mti wa msituni.

Nikatoka nje nikasema mbele ya wote, "Nilichosema nimekifuta. Pua yangu imesoma dari ya jikoni, haikusoma mti. Naomba nianze upya."

"Umri wa maneno yako ni mfupi," Mzee Mwadime akasema.

"Ndiyo maana nahesabu mara mbili, Mzee. Hii ndiyo ya pili."

Nikaomba vipande kumi vya kukata. Shangazi akasema vitatu, kwa sababu hizi ni kuni za harusi, si za mitihani. Nikasema vinane. Akasema vinne na nirudishe vilivyokatwa. Tukakubaliana sita, na nikajua mama huyu hangeshindwa Kaloleni.

Nikanoa kisu. Nikakata kichwa cha pande la kwanza mpaka masizi yakaisha na uso wa kweli ukatokea, nikamwagia maji. Haikuhitaji hata lenzi. Spoku zilikuwa pana, nyeupe, zimesimama wazi kama zimechorwa kwa rula, na kati yake vitundu vilijipanga matao matao, kama ngazi ndogo zilizolegea. Nikapasua ubavuni: mabaka yanayong'aa, kama magamba ya samaki yamebandikwa kwenye ubao. Nikakata la pili. La tatu. Yote sita.

Nilikuwa nimeuona ubao wa namna ile mara moja tu, kwa Fundi Athumani, ulipofika na treni kutoka bara, naye akanieleza mti wake ulivyo ukiwa umesimama. Na nilikumbuka jambo lingine. Siku ile Fundi alivaa shati la mikono mirefu katika jua la Voi, akafunga vifungo hadi shingoni, akaniambia, "Mbao hii nzuri, lakini vumbi lake laniwasha kama upupu." Nikaitazama tena mikono ya Shangazi Mghoi, mwanamke aliyekata, akapasua, akachimbua kisiki, na Jumatatu akayashusha mapande yale kwa mikono mitupu.

"Mzee," nikasema, "kanisani kwenu kuna mti gani uani? Ule mrefu tulioupita tukija, wenye majani yaliyochanika kama unyoya, ya fedha chini, na maua ya rangi ya machungwa."

"Ule wa kizungu? Mgrivelia. Waliupanda wamisheni."

"Mmewahi kuukata?"

"Nani atakata mti wa kanisa?"

"Na mingine kama huo?"

"Ipo, midogo midogo, kwenye kahawa. Haijafika ya kukatwa."

Na hapo nikaelewa kijiji chote kilivyopotea pamoja, bila mtu hata mmoja kusema uongo. Mgrivelia waliujua umesimama. Ndani yake hakuna aliyewahi kupaona.

Nikasema nataka tawi la mti wa kanisa, nene kama mkono wangu. Ukaanza mjadala: nani ana mamlaka, mchungaji yuko Wundanyi, kamati haijakaa. Wakesho hakungoja kamati. Alimpokonya mjomba wake panga, akafunga kanga kiunoni, akateremka mbio hadi kanisani, na tulipofika sisi watu wazima kwa hatua zetu za heshima alikuwa juu ya mti tayari.

"Shuka, mwanangu, utavunjika na Jumamosi ni kesho kutwa!" shangazi yake akapiga kelele.

"Bila tawi hakuna Jumamosi! Nipisheni chini!"

Tawi likaanguka. Nikalikata kichwa, nikalilowesha, nikaliweka juu ya ukuta wa kanisa, na kando yake pande jeusi la dari. Nikampa Mzee Mwadime lenzi. Akaishika mbali kama darubini. Nikamwonyesha: karibu na jicho, kisha usogeze mti, si lenzi. Akatazama lile bichi. Akatazama lile kavu. Akarudi kwenye lile bichi. Alitazama muda ambao kwaya ingemaliza beti mbili.

"Zina mbavu," akasema mwishowe.

"Zote mbili?"

"Zote mbili. Mbavu zile zile." Halafu, kwa sababu hakuwa mtu wa kushindwa kirahisi, akaongeza: "Lakini hata fighi inaweza kuwa na mti wenye mbavu. Niambie umri wake."

Lilikuwa swali zuri. Nikachukua pande lililokuwa na duara karibu zima, nikalilowesha, nikahesabu pete kwa ncha ya kisu. Pete za mgrivelia ni hafifu, zinajificha. Sitini na mbili. Nikahesabu tena toka nje kuja ndani: sitini na mbili.

"Sitini na mbili!" Mzee akashika kifua. "Miaka sitini na miwili iliyopita mume wake hata hakuwa amezaliwa. Angeupandaje?"

Watu wakaguna. Wakesho, ambaye bado alikuwa na majani nyweleni, akafumba macho.

"Mzee," nikasema, "hapa kwenu kuna misimu mingapi ya mvua?"

"Miwili. Vuli na masika."

"Na wewe ukilishwa mara mbili kwa mwaka, utanenepa mara ngapi?"

Akanitazama. Midomo yake ikahesabu. "Thelathini na mmoja," akasema polepole.

"Thelathini na mmoja!" Shangazi Mghoi akaruka. "Mwaka alioacha kazi kwenye kahawa ya wazungu! Alikuja na mche ndani ya kopo, akaupanda kabla hajanisalimia. Nilimnunia siku mbili. Niliwaambia! Si niliwaambia?"

"Ulituambia," Mzee Mwadime akasema.

"Na fighi yenu ina umri gani, Mzee?" nikauliza.

Alinyoosha mgongo. "Babu wa babu yangu aliikuta."

"Basi mti uliokuja juzi na wazungu uliingiaje humo, wakati hata wewe unahitaji kondoo?"

Mtu wa nyuma, yule aliyesema imemwandika, alianza kucheka, kisha uani pote wakacheka, na kicheko kile kilimwacha Mzee Mwadime peke yake katikati kama nguzo. Sikupenda. Mlinzi anayechekwa leo, kesho neno lake halisikilizwi, na fighi ile ilihitaji neno lake. Nikamvuta pembeni, nyuma ya kanisa, kwa mazungumzo ninayoyaelewa vizuri zaidi ya miti.

"Mzee, hukukosea kusikia shoka. Shamba lake la chini linatazamana na mlima ule; sauti iligonga ikarudi. Uliuliza kwa sababu ni kazi yako kuuliza. Tuseme hivyo."

"Na wewe ulisema msituni mbele ya watu."

"Nilisema."

"Kwa hiyo tumekosea wawili."

"Tuko sare. Nani atamlaumu mwenzake?"

Akafikiri. "Lakini mlinzi akiitwa, hurudi na kitu. Mbuzi mmoja toka kwa Mghoi, kufunga maneno."

"Mama aliyekuwa na haki atoe mbuzi? Kwa nini asitoe mtu aliyesikia shoka akakaa kimya miezi minne?"

"Basi jogoo."

"Toka kwa nani?"

Tulikaa pale hadi kivuli cha kanisa kikatufikia. Tulianza na mbuzi wa Shangazi kwenda kwa Mzee. Tulimaliza na jogoo wa Mzee kwenda kwa Shangazi, na zaidi ya hapo, Mzee mwenyewe ndiye atakayeuwasha moto wa harusi, kwa kuni zile zile, mbele ya kila mtu. Nimebishana mengi maishani. Mbuzi kugeuka jogoo ni kawaida. Kumfanya atembee upande mwingine kunahitaji siku njema.

Jumamosi ikafika. Bwana harusi alipanda kutoka Voi na wenzake sita wa reli, wamevaa tai, na kwenye kona zile kumi na moja nasikia walitazama mandhari sana. Shangazi Mghoi alipaka mikono yake mafuta ya ng'ombe, akavaa gauni la mikono mirefu, akacheza mpaka kilemba kikafunguka. Mzee Mwadime aliinama mbele ya meko na kijinga cha moto. Mapande yale yalipokea mara moja, moto safi, mwekundu, hakuna aliyefuta jicho. Akasimama akasema kwa besi yake, "Hizi ni kuni za mume wa Mghoi. Amekuja harusini." Na vigelegele vikapasuka mpaka ng'ambo ya bonde, kwa nyani.

Wali ulipoiva Mzee alikuja kukaa kando yangu, na sahani moja ya sisi wawili. Tulikula kwanza, kama inavyopasa. Kisha akaniinamia.

"Bwana misitu, sasa hatuko kazini."

"Hatuko."

"Umekata miti mingapi wewe, kuitazama ndani?"

"Mpaka leo, mia na kumi na nne." Nikahesabu tena kichwani. "Na kumi na nne."

"Basi niambie." Akatupa jicho juu, kwenye msitu ule mweusi uliokaa tuli juu ya kelele zetu zote. "Ile mikubwa ya kule kwetu. Ndani ikoje?"

"Sijui, Mzee."

"Hujui kabisa?"

"Kabisa. Wewe je?"

"Mimi nimeilinda miaka arobaini," akasema, "na sijui." Akacheka, kicheko kirefu cha chini kilichotikisa sahani, akanisogezea upande wenye nyama. "Kula. Nchi iko salama."